Mwalimu Eliudi Shekiondo, Aliyeuliza Chanzo (1966–2025)

Simu ya marehemu imeendelea kulia hapa msibani, mlio mfupi uleule ambao nyumba yake ya Ngamiani iliuzoea kila mtu alipobadilisha neno katika ukurasa wa mtandaoni aliokuwa akiulinda. Mkewe hakutaka izimwe. Kinachokosekana ni ile sauti yake kutoka uani: "Nani tena kagusa?"

Mwalimu Eliudi alizaliwa Maramba tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa wakulima wa Kilutheri walioteremka kutoka Usambara. Alisoma Maramba, kisha sekondari Tanga mjini, na mwaka 1991 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliosoma naye wanamkumbuka akila huku anatembea. Alifundisha jiografia Tanga mpaka maradhi yalipomzuia kusimama darasani.

Mwaka 1995 alifunga ndoa na Imakulata, binti wa katekista Anold Komba, aliyekuja Mkinga kama manamba, kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, akaanzisha kwaya miongoni mwa wafanyakazi wenzake.

Mwaka 2007 Mwalimu Eliudi alijiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, inayoandikwa na yeyote anayetaka, bila malipo. Siku hizo kurasa zilikuwa chache na kanuni chache zaidi. Wenye mamlaka ya kufuta, wanaoitwa wakabidhi, walifuta kadiri walivyoamka. Marehemu alipochaguliwa mkabidhi alipendekeza kila mmoja wao arudi kupigiwa kura kila mwaka, akaanza na yeye mwenyewe. Alipigania pia kanuni iliyokuja kumgharimu: habari za mtu zitoke katika chanzo kilichochapishwa na watu wasio ndugu zake.

Katekista Anold alifariki mwaka 2013. Mwaka uliofuata Yudith, binti wa Mwalimu Eliudi, aliandika ukurasa wa babu yake. Chanzo chake pekee kilikuwa ratiba ya mazishi, kama hii mliyoshika. Baba yake aliupeleka kwenye mjadala wa wiki moja wa kuamua ufutwe au ubaki, akaandika chini yake: "Mimi ni mkwewe, sitapiga kura." Wengine walipiga. Ukafutwa.

Nyumbani alitengewa chakula bila neno. Yudith alirudi chuoni bila kumuaga. Rafiki wa marehemu wa pale Ngamiani, Bwana Thuwaini, mwenye duka la vitambaa, alimwambia wazi, "Mwalimu, kanuni umeileta wewe. Ipindishe mara moja tu, ukae kwako kwa raha."

"Nikiipindisha kwa mkwe wangu," alijibu, "wa jirani nitamfutia kwa uso gani?"

Lakini hakutulia tena. Kila likizo alizunguka kutoka Maramba hadi Horohoro akiwatafuta waliowahi kuimba na katekista, akawarekodi, ingawa alijua rekodi za mkwe nazo hazingekubaliwa. Alizipeleka parokiani, gazetini, kwa watafiti, akiomba mtu baki aandike. Hakuna aliyeandika. Safari mojawapo Imakulata alipanda naye gari, akisema anakwenda kusalimia tu. Bibi mmoja alipoanzisha wimbo wa katekista, Imakulata aliushika kwa sauti ya pili, na marehemu akasahau kuwasha kinasa. Walirudi wakicheka. Yudith ndiye aliyebaki na kinyongo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini, Tanga, Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025. Wiki moja kabla, Yudith, akiwa ameketi kitandani pake, alimuuliza, "Baba, na wewe nikikuandika?"

"Subiri wengine waandike kwanza."

"Wasipoandika?"

Alipapasa shuka kama anayetafuta kitu. "Basi utakuwa unanijua wewe."

Juzi mtu asiyejulikana na familia alifungua ukurasa wenye jina la marehemu. Hauna chanzo, na ratiba hii haitakubaliwa kuwa chanzo. Uko kwenye mjadala. Mstari wa kwanza chini yake umeandikwa na Yudith: "Mimi ni binti yake, sitapiga kura."

Marehemu ameacha mke, Imakulata. Watoto wawili, Yudith na Mathew. Mjukuu mmoja, Blessing. Na dada yake, Benedikta. Bwana ampe utulivu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuomba.

Leo analazwa Maramba, kando ya kaburi la katekista Anold.