Mzee Nahashon na Gari Linalolala Nje

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mzee Nahashon Ogeto anastaafu tarehe 30 Aprili. Wafanyakazi wa nyumba yetu ya wazee hapa Inver Grove Heights wanamjua kama fundi. Wazee wenyewe wanamjua kama dereva wao.

Alianza kwa kuzoa theluji mlangoni. Kwa kuwa alikuwa fundi wa magari kule Kisii, haikuchukua muda akakabidhiwa gari letu la abiria tisa, ambalo hata wakati huo halikuwa jipya. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huwapeleka wazee wenye maradhi ya figo, ambao sasa ni watatu, kliniki huko Eagan kusafishwa damu kwa mashine. Hawajakosa hata siku moja.

Siri yake iko chini ya gari. Kila Septemba hulipulizia mafuta mazito tumboni. Barabara zikishamwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, husubiri siku baridi inapolegea kidogo, akaliosha chini kwanza, ubavuni baadaye. Sisi wengine huosha magari yetu juu tu, Jumamosi, ili yang'ae kanisani. Rigobert wa jikoni, mwaka wake wa kwanza kutoka Bukavu, aliosha lake nje kwa ndoo ya maji moto wakati wa baridi kali. Milango yote minne ikaganda. Jumapili hiyo familia nzima iliingia kupitia buti, mama mkwe akiwa wa mwisho na kitenge chake kipya. Nahashon alijizuia kucheka mpaka Jumatatu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni langu, mimi Peris, muuguzi wa zamu ya asubuhi. Januari Mzee alikwenda Kisii kumzika kaka yake, akaniachia funguo na agizo moja: gari lilale nje. Nililionea huruma. Gereji yetu ina joto na nafasi ipo, basi kila jioni nikaliingiza ndani. Sikujua kwamba chumvi iliyoganda haina nguvu, na kwamba ukiipasha joto huyeyuka na kuanza kula chuma. Baada ya wiki tatu alirudi, akainama, akagusa maji mekundu ya kutu sakafuni.

"Peris," akasema, "umewafunika siafu blanketi."

Ukaguzi wa gari ulikuwa Machi. Mkurugenzi alikuwa ameshatuambia kwamba fremu, uti wa mgongo wa gari, ikikutwa imeoza hakuna gari jingine, na wale wazee watatu watahamishiwa nyumba nyingine ya wazee huko Woodbury. Mmoja wao ni Mama Nyiraneza, ambaye hapa ndipo anapopata watu wa kuzungumza naye Kiswahili. Nilikosa usingizi kwa ajili yake.

Kwa wiki sita Mzee, mwenye miaka sitini na saba, alilala chini ya gari akikwangua kwa brashi ya waya na kupaka mafuta, nami nikimshikia tochi. Hakulitaja kosa langu tena, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya ukaguzi mkaguzi aligonga fremu kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma. Kila mahali iliitika chuma kizima. Alipotia sahihi nililia mbele za watu, wala sioni aibu kulisema. Mama Nyiraneza alipopewa habari aliuliza tu kama Jumatano wataondoka saa ile ile.

Wiki iliyopita mkurugenzi alimuuliza Mzee funguo zibaki na nani. Wapo madereva watatu wazuri hapa, na nilidhani angemtaja mmoja wao.

"Mpe Peris," akajibu. "Yeye sasa anaogopa."

Asante, Mzee Nahashon, kwa miaka yote hii na kwa mgongo wako uliouumiza kwa ajili yetu. Tunakuombea pumziko refu, afya njema na wajukuu wanaokuitikia kwa Kiswahili. Usiwe na wasiwasi: leo asubuhi nimelikuta gari lina theluji juu, palepale nje nilipoliacha.