Mwalimu Anaita Majina

Pirogi yetu ilikuwa katikati ya mto, ikielekea Lubunga, mama mmoja alipomweleza jirani yake namna anavyosoma kwa simu. "Mwalimu anatumaka somo kwa sauti. Anaita 'Kaswera?' na miye najibu 'présente'."

"Mwalimu gani?"

"Papa Mahmoudi wa Kabondo."

"Dada, ule tulishamuzika! Donc iko sauti ya zamani."

"Ya zamani? Jana aliniuliza juu ya nini nachelewa."

Jirani akamshika mkono. "Usiitike tena. Mufu akikuita, unanyamaza."

"Nikinyamaza ataniandika absente. Na diplome yangu?"

Niliona kila mmoja ana haki, nikatazama maji.

Pirogi ikagusa ukingo. Simu ya Kaswera ikauliza kwa upole, "Timothée?"

Timothée ni mimi, na sijajiandikisha kusoma popote.