Viganja vya Deo na Vigari vya Chuma

Asifiwe Bwana aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa na miguu yangu miwili! Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka, maana wanajua dakika kumi kwangu ni za kusafisha koo. Nivumilieni. Ushuhuda wangu una mashine ndani yake, na mashine haitaki haraka.

Jina langu ni Projestus, lakini jina hilo analitumia mchungaji peke yake. Ninyi wengine wote mnaniita Kwanini. Mama yangu ndiye aliyenibandika jina hilo, kwa sababu nilikuwa nauliza mpaka chakula kinapoa. Kwa nini kahawa inaiva ikiwa nyekundu halafu kinywaji chake ni cheusi? Kwa nini ndizi za kupika hazilevyi na za pombe zinalevya? Ugonjwa huo sijapona hadi leo, na kwa kweli sijawahi kuomba niombewe.

Ndugu zangu, kazi yangu ilikuwa kuingiza mashine kwenye majengo. Kuanzia Kayanga mpaka Isingiro kule Kyerwa, mtu akinunua mashine ya kukoboa kahawa au ya kusaga mahindi, lori linaishusha mlangoni na kuondoka zake. Kutoka mlangoni hadi ndani ndipo alipoitwa Kwanini na wenzake. Tulikuwa watu saba. Hatukuwa na chombo chochote zaidi ya kamba, mitaimbo na shamba la migomba lililo jirani.

Mnacheka, lakini mnaijua njia hiyo. Hata mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunausogeza hivyo hivyo. Unakata mgomba uliokwisha kuzaa, unamenya magamba ya nje, unalaza vigogo vyenye majimaji chini ya mzigo. Kile kitu kinateleza kama sabuni. Wachache wanavuta mbele, wengi wanashika kamba nyuma ili mzigo usikimbie, na mmoja anaimbisha kwa Kinyambo ili mikono iende pamoja. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Watu walikuwa wanatoka sokoni kuja kutusikiliza, na mimi nilivimba kichwa, sikatai.

Sasa sikilizeni siku ya Isingiro. Ni miaka minne imepita. Ilikuwa mashine ya kukoboa kahawa, ndefu, nzito juu na nyembamba chini. Ua wa lile jengo uliteremka kidogo kuelekea mlangoni, kidogo tu, kiasi kwamba maji ya mvua yalijua lakini macho yangu hayakujua. Na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo. Mmoja wetu akasema tusubiri pakauke. Nikamwambia pakiwa na maji ndiyo vizuri, patateleza zaidi. Nikaagiza viongezwe vigogo vya migomba. Ndugu zangu, niliagiza kwa mdomo huu huu ninaowashuhudia nao!

Kwenye kamba ya nyuma tulikuwa watano. Aliyekuwa karibu kabisa na mashine ni Deo, kaka wa mke wangu Leontina, muramu wangu. Nyuma yake nilikuwa mimi. Nilianza kuimba, na kabla sijamaliza ubeti wa kwanza mashine ikaondoka. Haikuanguka. Iliteleza tu, kimya, imeshika njia yake kuelekea mlangoni, na kamba ikaanza kukimbia mikononi mwetu. Kamba ikaniuma nikaachia. Walio nyuma yangu nao wakaachia. Deo hakuachia. Ilimburuta mpaka kwenye nguzo ya mlango, na kifundo cha mguu wake kikabanwa kati ya nguzo na chuma.

Tulimpeleka hospitali. Mwenye mashine akaja na swali moja, kwamba nani aliachia kamba kwanza. Na mimi, Kwanini, mwenye majibu na maswali ya dunia nzima, nikasema ni wa mbele. Nikasema ni Deo. Alikuwa amelala amechomwa sindano, hakuwa na uwezo wa kunibishia.

Neno hilo lilitembea kuliko mimi. Deo alitoka hospitali akiwa na fimbo, na kila alipokwenda kuomba kibarua aliambiwa yeye ni mtu wa kuachia kamba. Hata kubeba mifuko ya saruji hawakumtaka. Akarudi Bweranyange kwenye kahawa yake, akanyamaza.

Ninyi mlisema ni pepo. Mlisema ile mashine inataka damu, mkafunga kula siku tatu kwa ajili yangu, mkanipaka mafuta, na mimi nikaitikia amina. Nisamehe, mchungaji. Wakati mnamkemea yule pepo nilikuwa najua kuwa hayumo. Tangu hapo nikisikia lori linarudi nyuma nabadili njia. Niliacha kazi, nikawa mtu wa kulima maharage. Nyumbani Leontina aliendelea kunipikia, lakini alipokwenda kumtazama kaka yake hakuniambia, na aliporudi hakuniletea salamu. Mke asipokuletea salamu za kwao, huhitaji kuambiwa kitu kingine.

Lakini Mungu wetu ana njia zake! Mkitaka kununa nuneni, ila alimtumia mama wa Kiislamu. Bi. Zuhura wa Kayanga mnamjua, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alitokea Pwani. Alijenga kiwanda chake cha kahawa hapa hapa Chonyonyo, na mashine ilipofika alituma mtu aniite. Nikakataa. Akatuma tena, akisema nisiguse chochote, nije kuangalia tu. Yule mama ana akili. Mtu kama mimi ukimwambia njoo uangalie tu, umeshamfunga miguu na mikono.

Nilikuta mashine kubwa kuliko ile ya Isingiro, imesimama kwenye sakafu ya saruji nje ya mlango. Wanawake wawili walikuwa wanafagia. Mmoja alikuwa amevaa ovaroli ya bluu. Nikadhani ni mfagizi. Kumbe huyo ndiye fundi mwenyewe, dada anaitwa Rehema, ametoka Mwanza. Nikamuuliza kwa nini fundi anafagia. Akasema kwa sababu kokoto moja ikiingia chini ya gurudumu, mzigo wote unasimama ghafla na kuinama. Hapo hapo nikajua nitashinda pale mchana kutwa.

Akafungua sanduku. Mle ndani mlikuwa na vigari vitatu vya chuma, vifupi, havizidi kimo cha tofali, vina magurudumu madogo mapana kama makopo ya maziwa. Nikacheka. Nikauliza vitu hivi ndivyo vinabeba hiyo mashine? Akanionyesha kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine, kilichoandikwa uzito wake, kisha akanionyesha maandishi kwenye vigari, uzito ambao kila kimoja kinaruhusiwa kubeba. Ndugu zangu, nimesukuma mashine miaka mingi na hicho kibati nilikuwa nakiona kama pambo! Sikuwahi kukisoma hata mara moja.

Rehema na wenzake wakainua upande mmoja kwa jeki, kidogo tu, wakaweka magogo ya mbao chini yake, wakainua tena kidogo, wakaongeza magogo. Nikauliza magogo ya nini wakati jeki inashikilia. Akasema jeki ni ya kuinulia tu, mzigo ukae juu ya mbao, na mkono wa mtu usiingie chini hata jeki iwe mpya. Kigari kimoja chenye mpini kikawekwa mbele katikati, ambacho kinageuka. Viwili vikawekwa nyuma, vimeunganishwa kwa chuma visiachane. Nikauliza kwa nini vitatu na siyo vinne, mashine si ina pembe nne? Akaniuliza kigoda cha miguu mitatu kwetu kinayumba? Nikasema hakiyumbi hata kwenye udongo. Akasema basi nimeshajijibu.

Kisha nikaona juu ya kila kigari kuna kipande cha mpira. Hapo nikahisi nimemkamata. Nikamwambia mpira unazuia, weka kitu cha kuteleza. Nikamweleza habari za vigogo vya migomba kwa kirefu, nikamwimbia na ubeti mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Mzee wangu," akasema, "unataka mzigo uende au unataka uteleze? Ukiteleza, hakuna anayeuendesha tena."

Nikainama, nikakibonyeza kile kipande cha mpira kwa kidole gumba. 

Mlangoni palikuwa na mteremko mdogo. Nikamuuliza Rehema watu wa kamba ya nyuma wako wapi. Akanionyesha winchi ya mkono iliyofungwa kwenye nguzo ya zege, inayoachia waya taratibu kwa kuzungusha mpini, na waya wake umeshikizwa chini kabisa mwa mashine. Akasema nyuma hakai mtu ila wa winchi, na mbele hakai mtu, wote ubavuni, na sauti ya kuamrisha ni moja. Nikamuuliza kwa nini watu wasishike kamba. Akasema mzigo wa namna hiyo ukianza kuteremka, watu watano ni kama hawapo. Wataachia tu, na wako sahihi kuachia.

Sijui ni nani aliyeniwekea swali lililofuata mdomoni. Mimi naamini ni Roho Mtakatifu. Nikamuuliza, na asiyeachia je?

Akasema ataburutwa, na viganja vyake vitaungua mpaka nyama.

Ndugu zangu! Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Kwa sababu niliviona viganja vya Deo. Niliviona hospitalini, mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe. Mtu aliyeumia mguu! Na mimi ninayeuliza mpaka habari za kokoto, sikuuliza kwa nini aliyebanwa mguu amefungwa mikono. Miaka minne nililipita swali hilo kwa mbali kama mtu anayemkwepa mbwa.

Mashine iliingia ndani taratibu, mwendo wa bibi harusi, hakuna aliyeimba wala kutoka jasho. Sikusubiri chai. Nikashika njia ya Bweranyange.

Nilimkuta Deo uani, amekaa kwenye kigoda, anageuza kahawa kwenye mkeka kwa kiganja chake. Nikamsalimu, nikakaa chini. Nikamuuliza siku ile ya Isingiro viganja vyake viliunguaje. Aliendelea kugeuza kahawa mpaka akafika mwisho wa mkeka. Kisha akaniangalia.

"Hilo swali nimelisubiri miaka minne, muramu. Umeuliza habari za ng'ombe wangu, za mvua, za bei ya kahawa. Hilo hukuniuliza."

Nikamwambia niliogopa jibu. Akasema jibu nilikuwa nalo, nilichoogopa ni yeye kulisema. Halafu akaniambia nimuulize na la pili, kwa nini hakuachia. Nilitaka kukimbia, lakini nikamuuliza.

"Kwa sababu wewe ulikuwa nyuma yangu," akasema. "Nilijua umeshika."

Nililia, ndugu zangu. Nililia juu ya kahawa ya watu mpaka akaniambia nisogee, naiharibu. Nikamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Hakunijibu siku hiyo, alinipa kahawa ya kutafuna tu, kama anavyopewa mgeni yeyote, akaniambia nisichelewe njiani. Siku ya tatu Leontina alitoka Bweranyange, akatua kikapu chake mlangoni, akasema, "Deo anakusalimu." Sijawahi kusikia salamu tamu namna ile maishani mwangu!

Nimekwenda Isingiro nikamweleza mwenye mashine ukweli. Nimewaendea wale wenzangu mmoja mmoja. Leo nimekuja kwenu, kwa sababu ninyi ndio mliomkemea pepo asiyekuwepo, wakati mwongo mlikuwa mmemwekea mikono kichwani. Bwana hakunitoa kwa mafuta wala kwa kelele. Alinitoa kwa kipande cha mpira na swali moja. Namshukuru! Kama nawe una swali unalizunguka, la mkeo, la ndugu yako, la daktari, mwamini Mungu uliulize. Usisubiri mkutano mkubwa. Nenda leo mchana ukiwa bado na hiyo nguo ya ibada. Atakushika mkono hata kama jibu litakuangusha, mimi ni shahidi.

Deo yupo pale nyuma, karibu na dirisha. Deo, nisamehe kwa kukutaja. Nyoosha mikono waione. Haya, ndugu zangu, tazameni viganja vile, tazameni vizuri, halafu mniambie ni mikono ya mtu aliyeachia.

Bi. Zuhura ameagiza vigari vyake mwenyewe, na Jumanne tunakwenda navyo Isingiro kuihamisha mashine ile ile kwenye jengo jipya. Vigari havihitaji mtu mwenye miguu yenye nguvu, vinahitaji mtu mmoja mwenye macho makali na sauti moja, kwa hiyo atakayeamrisha ni Deo. Rehema amemfundisha. Mimi nimepewa ufagio. Nitaondoa kila kokoto mbele ya magurudumu, kisha nitakwenda nilikoagizwa, kwenye mpini wa winchi, nyuma ya Deo, na safari hii nitakuwa nimeshika.