Aliyesoma Habari Kama Mgeni

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza, familia imekubaliana kwamba maisha yake yasomwe na dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa na aliyemchapa mara nyingi kuliko mama, na yasomwe bila kupambwa, kwa kuwa marehemu hakupenda habari iliyopambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa kitinda mimba wa baba fundi viatu na mama mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mwoga, hilo tuliseme mapema, aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa hata kuku wa jirani akiatamia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1982, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi 1992, kisha akajifunza uchapaji chuoni, na tarehe 3 Februari 1997 akaajiriwa na gazeti kama mpanga kurasa, na gazeti lilipofungua tovuti yake mwaka 2005 wakamkabidhi yeye, maana kompyuta ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukiogopa, na hapo ndipo alipotakiwa kuogopa.

Alifunga ndoa na mwalimu wa watoto wadogo tarehe 8 Septemba 2007, wakajaliwa binti mwaka 2009 na mwana mwezi Juni 2013, na huyu wa pili alikuwa bado tumboni siku ile ambayo familia imeona haifai kuiruka.

Tarehe 22 Aprili 2013 mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, watu wote walikuwa wakifungua tovuti ya gazeti kutafuta habari za mto, ikazidiwa ikaanza kukwama, mhariri mkuu akawa anapita nyuma ya kiti cha marehemu akimhimiza, naye akachukua mistari michache ya msimbo wa kompyuta aliyoikuta kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, inayoifanya tovuti itunze nakala ya kila ukurasa na kumpa msomaji nakala hiyo badala ya kuutengeneza upya, akaibandika moja kwa moja kwenye tovuti inayosomwa, bila kuijaribu pembeni kwanza. Tovuti ikawa nyepesi, chumba kizima cha habari kikampigia makofi.

Muda mfupi baadaye waandishi wakaweka habari kwamba daraja la mto limefungwa, wakaiona wenyewe kwenye kompyuta zao, kwa sababu aliyeingia kwa nywila ya kazini huonyeshwa ukurasa mpya, lakini wasomaji wa nje waliendelea kupewa nakala ya asubuhi, iliyosema daraja liko wazi. Ndani ya ofisi hakuna aliyejua, hadi mkewe alipompigia simu akiwa kwenye basi, anatoka kwa mama yake, binti amempakata, akamwambia kwa majivuno kabisa, "Dereva alikuwa anasita, nimemsomea habari yenu kwamba daraja liko wazi, sasa tunavuka," kisha simu ikakatika.

Wenzake wanasema alifuta ile mistari na nakala zote, akapiga simu, haipatikani, akapiga tena, haipatikani, mwishowe akakaa sakafuni kando ya meza yake, akaendelea kupiga.

Mkewe alifika ofisini jioni kwa miguu, baada ya kuzungukia daraja la reli, matope hadi magotini, mtoto mgongoni, akamweleza kwamba dereva alifunga breki alipoiona pikapu iliyokuwa mbele yao ikibebwa na maji, na ndani yake walikuwamo watu wawili. Kama watu hao walikuwa wamesoma tovuti ile au hawakuisoma, hakuna aliyepata kujua, na marehemu alikwenda kwenye mazishi yao, akasimama nyuma kabisa, akashindwa kuuliza.

Tangu hapo hofu haikumtoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hakuweka tena msimbo wa kuokota kabla ya kuujaribu kwenye tovuti ya majaribio, hakuamini nakala ya akiba, ile ya kurudishia tovuti ikiharibika, mpaka airudishe aone inafanya kazi, na kila habari ya hatari ilipotoka aliiacha kompyuta, akatoka hadi barabarani na simu isiyojua nywila yoyote ya ofisi, akaisoma kama mpita njia, ndiyo maana wenzake wakamwita Mgeni, wakamcheka mbele yake, naye akacheka nao, lakini nyumbani tulimwona akiamka kila mawingu yakitanda.

Mwezi Agosti 2021 figo zake zilianza kushindwa, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na wodini alipoulizwa na mkewe kama anaogopa, alimjibu, "Kufa siogopi, mama watoto, naogopa mvua." Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 2 Machi mwaka huu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama ndugu yao, majirani waliolala nasi hapa tangu msiba uingie, na wafanyakazi wenzake wote, lakini mafundi wawili aliowafundisha kazi na waliompenda kama baba hamtawaona makaburini, na tunawaomba msiwasengenye, kwa kuwa mvua imeanza tena na mto unapanda, na mjane mwenyewe ndiye aliyewapigia simu alfajiri akawakataza kuja. Hivi tunavyosoma, mmoja yuko kwenye kompyuta, mwenzake yuko nje barabarani na simu yake, anasoma habari za daraja.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, kuogopa sasa tuachie sisi.