Sauti Iliyokataliwa Mlangoni kwa Bi Dija

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni aepue chungu kwanza, maana leo nayataka masikio yake yote mawili. Tunamkumbuka Bi Dija binti Mwinyijuma wa Bagamoyo, aliyefariki mwezi uliopita, mwaka huu wa sabini na nane. Bi Dija hakuwa kiongozi. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa mshona kofia, na alikuwa msikilizaji. Tena msikilizaji wa kupindukia.

Habari zake tumeletewa na Mosi, mtoto wa kaka yake, ambaye Bi Dija alimlea tangu wazazi wake walipofariki. Mosi alikuja hapa studio na kanga ya msiba begani. Akasema, "Shangazi kaniusia. Kuna mtu alijulikana kwa redio, akachafuliwa kwa ajili ya redio, basi asafishwe hukohuko redioni. Na yeye shangazi, akasema msimfichie aibu yake."

Basi hatutaificha.

Wengi wenu mnaukumbuka mchezo wa Nyumba ya Bwana Jabali. Ulikuwa ukisikika kila Jumanne baada ya magharibi, mwaka wa sitini na tisa. Bwana Jabali alikuwa mume katili. Alimnyima mkewe Tatu chakula, alimfukuzia ndugu zake, na alipocheka, watoto walijificha uvunguni. Nchi nzima ilimchukia. Na katika nchi nzima, wasikilizaji wapendwa, sidhani kama alikuwapo aliyemchukia kumshinda Bi Dija.

Alikuwa na redio ya mbao aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kila Jumanne ua wake ulijaa wanawake wa mtaa. Walitandika majamvi, wakamiminiwa kahawa, na mchezo ukianza ilikuwa marufuku kukohoa. Jirani yake, Bi Fatu, anakumbuka siku Jabali alipompiga Tatu kofi. "Dija aliivua ndara yake akaitupia redio. Kisha akaiendea redio akaipangusa, akaiomba radhi. Redio, si Jabali!"

Sasa sikilizeni. Sauti ya Jabali ilikuwa ya kijana mmoja, mzaliwa wa Bagamoyo hiyohiyo. Aliitwa Bwanaheri Mikidadi. Mchana alipima vitambaa katika duka la nguo Kariakoo, Jumanne akawa Jabali. Mpole hasa. Wanaomfahamu wanasema hata nzi alimfukuza kwa adabu. Bwanaheri alimwona Mosi kwenye maulidi, akampenda, naye Mosi hakumchukia. Akatafuta wazee wawili, wakaenda kuposa.

Wakabisha hodi kwa Bi Dija. Bi Dija alikuwa ndani, sindano mkononi. Wazee walisema hodi, akaitikia. Kisha kijana naye, kwa heshima zote, akasema, "Hodi hapa. Shikamoo, mama."

Sindano ikamchoma kidole. Ile sauti! Ile iliyomfukuza Tatu usiku wa mvua, leo inabisha mlangoni kwake na kumtaka Mosi.

Hakuitikia marahaba. Aliwaambia wale wazee, "Nyinyi karibuni. Hiyo sauti haiingii kwangu." Wakamweleza kuwa ule ni mchezo tu, kijana anasoma maneno aliyoandikiwa. Akajibu, "Mtu hawezi kusema maneno yale kila Jumanne, vizuri vile, kama hayamo moyoni mwake."

Wazee wakaondoka wamenuna. Bwanaheri alibaki kizingitini. Akauliza, "Mama, na nikiuacha mchezo?"

Bi Dija alitaka aondoke tu. Alijua hakuna kijana mwenye akili anayeacha umaarufu namna ile. Kwa hiyo akasema, "Ukiuacha, uje tuzungumze."

Yashikeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Ukiuacha, uje tuzungumze. Bi Dija aliyasema, na hakuyakusudia. Mwezi haukwisha, akamwoza Mosi kwa mfanyabiashara wa Pangani, Bwana Mwinyimvua. Harusi ikapigwa ngoma, pilau ikaliwa.

Naye Bwanaheri akaenda kwa wakubwa wake wa mchezo, akaaga.

Jumanne iliyofuata ua ulijaa kama kawaida. Wakati huo Tatu alikuwa mjamzito, kafukuzwa, yuko barabarani. Watu walikuwa wakingoja kwa hamu. Mtangazaji akasema kwamba mchezo wa Nyumba ya Bwana Jabali umefikia kikomo, kwa kuwa mchezaji mkuu ameacha kazi. Halafu ukapigwa muziki.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Bi Fatu aliichapa redio ubavuni, kisha akatoa betri za tochi yake akazitia. Muziki ukaendelea. Kule Zinga wanawake walimrudishia muuza duka betri zake, wakamwambia amewauzia mbovu. Kutoka Fukayosi ulikuja ujumbe wa watu wazima kabisa, wamepanda lori la mihogo, kuja kuuliza mjini kama Tatu kajifungua salama. Wana mtoto kule wamempa jina la Tatu, wakasema, hawawezi kukaa hivihivi.

Huzuni ikageuka hasira. Mchezaji mkuu ameacha kazi. Nani? Bwanaheri! Kavimba kichwa. Kataka mshahara wa waziri. Katudharau. Na wapi walikokuwa wakimsema zaidi? Uani kwa Bi Dija. Wanawake walimlaani mmoja baada ya mwingine. Bi Dija alikuwa akimimina kahawa. Kahawa ikafurika kikombeni, ikamwagikia jamvini.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu ilitosha. "Ni mimi niliyemwambia aache." Hakuisema Jumanne ile, wala iliyofuata.

Siku chache baadaye Bwanaheri alibisha hodi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Akasema, "Mama, nimeuacha. Nimekuja tuzungumze."

Mosi alikuwa keshakwenda Pangani.

Bi Fatu alichungulia ukutani, kama kawaida yake, nasi tunamshukuru. Anasema kijana hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Lini?" Bi Dija akamjibu. Kijana akasema, "Haya, mama. Mungu awape heri." Akaondoka. Njiani vijana wa kijiwe cha kahawa wakamzomea kwa kuua mchezo wao. Hata kwa hao hakumtaja Bi Dija. Hakuigiza tena. Baadaye alioa kwingine, akapata watoto, na kila alipokuja Bagamoyo alizunguka mtaa wa pili ili asipite mlango ule.

Na Bi Dija? Nafsi ilimsuta. Redio aliifunika kitambaa. Wanawake walipomuuliza, alisema imeharibika, na hilo nalo likawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Kila alipotajwa Bwanaheri kwa ubaya, Bi Dija aliinuka akaenda kukoleza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mosi alipokuja kumtembelea, alishindwa kumtazama usoni.

"Mume wangu ni mtu mwema," Mosi alituambia. "Sina la kulalamika. Lakini shangazi alikuwa akinitazama kama aliyeniibia. Nami nilijua kaniibia nini. Tulinyamaziana."

Mwaka huu Bi Dija akaugua. Alipoona haponi, alifanya mambo mawili. Alimtuma Bi Fatu awaite wote waliokuwa wakija Jumanne. Na alimtuma Mosi kwa Bwanaheri.

Bwanaheri akaja. Ua ukajaa tena, majamvi yaleyale. Bi Dija akatolewa nje na kitanda chake. Akasema, kwa pumzi fupifupi, "Huyu mlimtukana humu uani kwangu. Hakuwa na kosa. Mie ndiye niliyemwambia auache mchezo ndipo aje tuzungumze. Akauacha. Nami nikamwoza Mosi kwa mwingine, na nikawaacha mumtukane."

Wanawake wakatazamana. Kisha Bi Fatu, ambaye hajapata kuvumilia kimya, akauliza, "Basi mwanangu, Tatu alijifungua?"

Watu wakacheka huku wakilia. Bwanaheri naye akacheka. Akawaambia kwamba mchezo wa Jumanne ile ulikwisha kuandikwa, yeye akausoma karatasini, ila aliacha kazi kabla haujarekodiwa. Tatu alijifungua mtoto wa kike. Na Jabali alikwenda kwa mama mkwe wake, akapiga magoti. Hapo Bwanaheri akakohoa kidogo, na ile sauti ikatoka, nzito vilevile: "Mama, nimekosa. Niwie radhi."

Kumbe Jabali alikuwa anakuja kutubu. Bi Dija angengoja Jumanne moja tu, angemsikia.

Bi Dija akajifuta macho. "Jabali nimemsamehe. Na wewe, mwanangu, umenisamehe?"

Bwanaheri aliinuka. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Bi Dija, Jabali aliandikiwa maneno yake. Mie yangu sijayapata. Nipe muda."

Akaaga. Bi Dija hakupewa muda. Alifariki kabla ya Ijumaa ya wiki ileile.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa barazani. Imamu akawauliza watu, kama ilivyo ada, "Waungwana, marehemu tumeishi naye. Aliyekosewa naye, amsamehe." Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumesamehe." Wabebaji wakainama walichukue. Ndipo sauti moja ikasikika nyuma, peke yake, imechelewa.

"Nimesamehe."

Haikuwa nzito. Haikuwa ya Jabali. Mosi, ndani kwa wanawake, aliitambua.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mosi na Bwana Mwinyimvua, Bi Fatu, na jamaa wote wa Bagamoyo na Pangani. Mungu amrehemu Bi Dija. Kwako Bwanaheri Mikidadi, popote unaposikiliza: hukuvimba kichwa. Hukumdharau mtu. Tunalisema hapa redioni, kama alivyousia.

Na wewe uliyekaa karibu na redio yako jioni hii, huenda yuko mtu anayesemwa kwa kosa lako, nawe unamimina kahawa. Zima redio. Mlango wake unaujua.