Kibali cha Fahali Mweusi

Malaba, nyuma ya stesheni ya reli, palikuwa na ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, na juu ya ubao huo sheria za Kenya na Uganda zilitungwa upya kila asubuhi. Mwaka huo wa 1965 mwenye birika alikuwa Apeduno, mama wa Kiteso, mrefu, asiye na maneno mengi, ambaye kahawa yake iliwafanya wanaume wachelewe kazini na kusingizia treni. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu amkimbie mumewe Egwang na fimbo zake. Kwa kahawa hiyohiyo alijijengea nyumba ya vyumba viwili kando ya reli. Mara mbili aliomba talaka kwenye korti ya wazee, na mara mbili Egwang akakataa kurudishiwa ng'ombe wanane wa mahari. Mahari isiporudi, ndoa ipo. Sasa Egwang ametuma neno: Jumamosi anahamia humo na mke mpya, kwa maana nyumba ya mke ni nyumba ya mume. Kesi ya mwisho ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu.

Wenye ubao waliijadili kesi hiyo mbele yake bila kumuuliza neno.

— Talaka ya mwanamke haiwezekani, alisema Callistus, aliyeitwa Hakimu kwa sababu alifagia korti ya Bungoma miaka sita. — Mpaka machifu watatu waweke sahihi. Mimi nimesikia kesi mingi kuliko jaji.

— Ulisikia ukiwa chini ya meza na ufagio, alijibu Mukhwana, turnboi, msaidizi wa madereva wa malori, jina lake la kijiweni Injini. — Dawa ni kuvuka. Huyu mama apeleke kitanda Tororo. Akishavuka mto wa mpaka, ndoa inabaki Kenya, yeye anabaki Uganda.

— Na nyumba?

— Nyumba tunapakia kwa lori.

— Nyumba ya udongo, Injini?

— Polepole.

Lazarus, muuza sukari ya kupima, aliyeitwa Sukari ingawa kauli zake zilikuwa chungu, alitema masimbi ya kahawa.

— Nyinyi wote hamjui kitu. Ajitangaze mufilisi! Mtu akifilisika, serikali inachukua kila kitu yake. Kiti, meza, bwana. Egwang anapigwa mnada.

— Nani atamnunua?

— Hapo ndio shida, Sukari alikubali.

— Basi tumtangaze amekufa, alisema Hakimu, ambaye hakupenda kupitwa kwa akili. — Tunaandika wosia, tunagawa shamba, tunamwekea matanga. Akija kulalamika, tunamwambia: wewe ni marehemu, huna haki ya kusema kortini.

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Apeduno hakucheka. Alijaza vikombe huku akiwaza kwamba Jumamosi mwanamke mwingine atatandika kitanda chake, na hawa wataendelea kunywa hapahapa. Aliwachukia wote kwa dakika moja, kisha akawaongezea kahawa.

Mwishoni mwa ubao alikaa kijana mgeni, Phanuel, karani mpya wa kizuizi cha mifugo, ambaye wiki ya kwanza ya kazi ilikuwa bado haijamtoka usoni. Alinyosha mkono kama yuko darasani.

— Samahani wazee. Hiyo mahari si ilirudi?

— Ilirudi wapi?

— Wiki jana nimeandikia huyo Egwang kibali. Fahali moja nyeusi, kutoka kwa Mzee Ikapel, ng'ambo. Na karantini hii ya homa ya mapafu, ng'ombe ya biashara hapiti, ya kuazima hapiti. Ya mahari tu. Akasema ni mahari inarudishwa, akaweka kidole gumba. Sasa kama mahari haikurudi, hiyo fahali ilivuka kufanya nini?

Injini alitazama kikombe. Sukari, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, aliweka kikombe chini kabla hakijaisha.

Ikapel ni baba yake Apeduno. Na tangu Jumapili mji mzima ulikuwa ukimsifu fahali mweusi ambaye Egwang alimpeleka kwa wakwe wapya kama mahari ya mke mpya. Furaha ilimpanda Apeduno ghafla hata akaogopa kucheka, lisije likatoka yowe.

— Karani, nakala ya hiyo kibali iko?

— Iko kitabuni, mama. Lakini mpaka korti iniite.

Hapo Hakimu akasimama, akafunga vifungo vya koti. Katika sheria yote ya dunia alijua jambo moja kwa hakika: dirisha la kuombea hati ya kumwita shahidi. Aliondoka mbio, kahawa yake bado nusu.

Alhamisi ubao wote ulihamia kortini. Egwang alikuja amevaa tai.

— Mimi sitaki ng'ombe, wazee. Nataka bibi yangu.

Mkuu wa wazee alivaa miwani, akasoma nakala ya kibali taratibu, kidole gumba na yote, kisha akauliza swali lilelile la karani.

— Fahali ilivuka kufanya nini?

— Niliazima, mzee. Mkwe Ikapel alinipa nilimie.

— Ya kuazima hapiti. Basi ama ulidanganya serikali, na hiyo ni jela, ama ulipokea mahari. Chagua.

Egwang alilegeza tai. Aliangalia askari mlangoni, akaangalia chini.

— Nilipokea.

— Umepokea mmoja, umekubali wote. Saba waliobaki utawachukua kwa Mzee Ikapel karantini ikiisha. Ndoa imekwisha. Nyumba ni ya mama aliyeijenga.

Apeduno alipiga vigelegele pale pale, na askari aliyetakiwa kumnyamazisha akamwitikia.

Adhuhuri wenye ubao walikuwa wamerudi mahali pao, na kila mmoja alikuwa ameishinda kesi peke yake. Hakimu aliishinda dirishani. Injini aliuliza, si alisema mapema siri iko kwa kuvuka? Walinyosha vikombe vyao kwa pamoja.

Apeduno aliinua birika, akamimina kikombe kimoja tu.

— Sogeeni, alisema.

Wakasogea. Hawakuwa wamewahi kumwona amekaa. Alikaa katikati yao, miguu ameinyosha, uso kuelekea mlango wa nyumba yake.

— Na sisi, mama?

— Kahawa imeisha, akasema, akainywa.