Gunvor Lidström, Aliyeitetea Kodi ya Ndege

Ndugu, jamaa na majirani wa Storbäcken, na ninyi wa chama mliotoka mbali, poleni sana kwa msiba, tunawaomba mkae, simu mzizime, na wale wa viti vya nyuma mnaobishana kuhusu treni mnyamaze kidogo, maana anayewasomea ni Sixten, mdogo wake marehemu, aliyejifunza kusoma uzeeni kwa huyuhuyu dada aliyelala hapa mbele, na akikatizwa inabidi aanze mstari upya.

Marehemu Gunvor alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 hapahapa Storbäcken, mtoto wa kwanza wa mkata magogo Hjalmar Stenlund na mkewe Elsy, akaanza shule mwaka 1956, akamaliza sekondari mjini Umeå mwaka 1968, akasomea kazi ya maktaba, na tangu mwaka 1972 hadi alipostaafu mwaka 2014 aliiendesha maktaba yetu, ambako alimjua kila mtu kwa vitabu alivyochelewa kurudisha.

Tarehe 21 Juni 1975 alifunga ndoa na Evert Lidström, dereva wa gari la kuondoa theluji kwenye kiwanja chetu cha ndege, wakajaliwa binti mmoja, Ylva, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1978, na mwaka 1988 Gunvor akajiunga na chama cha kijani, basi ikawa asubuhi mume anasafisha kiwanja, jioni mke anasimama kwenye halmashauri kudai kila anayepanda ndege alipe kodi kwa moshi anaouacha, na Evert, aliyetutangulia mwaka 2016, alikuwa akimtania mezani, "Bibie, ukishakifunga kiwanja, hivi viazi tutavinunua kwa pesa gani?" naye anamjibu, "Sijasema wafunge, nimesema walipe, na wewe kula kabla havijapoa."

Kodi ilipoanza Aprili 2018 alioka maandazi ya mdalasini akayagawa mpaka kituo cha mafuta, walioyala walikuwa wengi, waliomshukuru wachache, maana kutoka huku kaskazini hadi Stockholm ni mbali, na kumwambia mtu wetu aongeze nauli ya ndege ni kutafuta ugomvi, jambo ambalo Gunvor alilijua kuliko wanaolisema, ndiyo maana alitaka pesa ya kodi hiyo irudi huku itengeneze reli, na hilo ndilo alilolipigania mpaka mwisho, kodi ibaki, reli ipone.

Sasa viongozi wa chama wakaanza kuchoka kutukanwa, wakataka kuilegeza kodi ili wapate wa kukaa nao serikalini, Gunvor akaandika hoja kwamba kodi hii isiuzwe kwenye mazungumzo yoyote, akapanda treni ya usiku kwenda mkutano mkuu wa chama mjini Västerås, Jumamosi tarehe 18 Machi 2023, ambako anayepiga kura ni aliyemo ukumbini tu, na alfajiri mti ukaangukia waya za umeme, treni ikasimama katikati ya msitu, hajui mbele hajui nyuma, akampigia simu Torgny Hedman, mwenyekiti wa tawi letu, aliyekuwa ameshafika, akamwomba amsomee hotuba yake.

Torgny akasimama akasoma, na akasoma vizuri, mpaka mama mmoja wa kusini alipopaza sauti, "Samahani Torgny, na wewe kutoka huko kwenu umekuja na nini, na baiskeli?" ukumbi ukacheka, Torgny akawa mwekundu, akasema, "Jamani, hali ilikuwa hivyo," kwa sababu alikuwa amekuja kwa ndege, na hoja ikaanguka palepale, na Gunvor alipoingia mchana na koti lake zito, viti vilikuwa vinapangwa ukutani, akaambiwa, "Tumeshapiga, Gunvor, kaa kwanza unywe kahawa," akasema, "Kahawa nimekunywa msituni asubuhi nzima, sikuja Västerås kunywa kahawa."

Tangu siku hiyo hakumsemesha Torgny isipokuwa mara moja, Torgny alipomletea mkate mlangoni, akamwambia, "Ndege nimekusamehe, lakini ulikuwa na kipaza sauti mkononi, ungesema tu nimekuja kwa ndege kwa sababu treni zetu mbovu, na ndiyo maana tunaitaka hii kodi, wewe ukasema hali," akaupokea mkate, akafunga mlango.

Mwezi Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tarehe 1 Julai kodi ya ndege ikafutwa, na dukani Rune wa karakana akamwambia, "Haya Gunvor, sasa tunaruka bei poa!" lakini majira ya joto yalikwisha na nauli ya kwetu ikabaki palepale, Gunvor akamuuliza, "Rune, mbona hujaruka?" na mwezi Agosti alipoitwa kufanyiwa upasuaji kusini alikwenda kwa treni, nanyi mnanong'ona kwamba treni ndiyo iliyomuua, daktari ametuambia waziwazi kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaenea kabla hajatoka nyumbani, kwa hiyo hayo maneno yaishie hapa.

Alifariki nyumbani kwake, mikononi mwa Ylva, tarehe 9 Novemba 2025, akiwa na miaka sabini na sita, na hasira zake zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Umeå, majirani mliosukuma theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wenzake wa maktaba, na chama kwa shada lile kubwa, ambalo dereva ametuambia limeletwa na ndege ya asubuhi, tumelipokea, tumeliweka kule mlangoni.

Dada Gunvor, pumzika, hiyo amani acha tuihangaikie sisi tuliobaki.

Sasa msinyanyue jeneza, marehemu aliagiza, "Torgny abebe upande wa kichwa, halafu mwambieni bado nimekasirika," na Torgny yuko nje amejifungia garini, anaona haya kuingia, kwa hiyo Sixten anavaa koti anakwenda kumgongea kioo, mtulie hapohapo, atarudi naye.